Magunzi Manane na Mizunguko Saba

Mama yangu haombei kitu asichokielewa. Wapo wazazi wanaofumba macho, wakasema "Mungu mtangulie mwanangu," wakafumbua macho na kuendelea kupepeta maharage. Mama yangu si wa hivyo. Yeye anataka maelezo. Wakati wa mtihani wangu wa kidato cha nne alinikalisha kwenye kigoda jikoni kwetu Kibondo, akaniuliza somo kwa somo nini kitaulizwa, kisha akapiga magoti na kumwomba Mungu kwa orodha: "Imana, kwenye fizikia mkumbushe msuguano. Mkumbushe mwanga unavyopinda ukiingia majini. Kemia hajaisoma, na wewe mwenyewe umemwona." Nilifungua jicho moja kumtazama. Hakuwa anatania. Msuguano ulikuja kwenye mtihani, mwanga unaopinda nao ukaja, na kwenye kemia nilipata nilichostahili.

Kwa hiyo barua ilipoingia kwenye simu yangu, nikiwa kwenye ofisi ya walimu huko Kasulu ninakofundisha fizikia, kwamba nimekubaliwa kusoma shahada ya uzamivu nchi ya mbali, nilifanya mambo mawili. Kwanza niliruka juu nikapiga kelele hadi mwalimu wa historia akapanda kwenye kiti akidhani nyoka ameingia. Pili nilimpigia mama.

"Ego, ndiyo, nimesikia," alisema. "Unakwenda kusoma nini?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilimsomea kichwa cha utafiti wangu, nilichokitafsiri mwenyewe kwa jasho: matukio ya kitopolojia katika mifumo ya kwanta inayosukumwa nje ya utulivu.

Nikasikia kuku wakilia upande wake.

"Hicho ni Kiswahili?"

"Ni Kiswahili, mama."

"Basi hapo siwezi kuomba. Njoo nyumbani unieleze. Usiponieleza nikaelewa, tiketi utakuwa nayo, ila baraka yangu hutakuwa nayo."

Najua mtu mwingine atasema: mwalimu mzima, mtu mzima na akili zako, si uondoke tu? Huyo hakulelewa na mama yangu. Tena nilijua sababu yake, maana alishanisimulia mara moja, kwa sentensi chache, akiwa ananisuka nywele ili nisimwone usoni. Alikuwa binti mdogo. Wao ndio kwanza walikuwa wamevuka kutoka Burundi, wamejibanza Nyabibuye kwa watu. Asubuhi moja kaka yake mkubwa alimwambia anarudi ng'ambo mara moja, kuna kitu anakwenda kuangalia. Mama hakuuliza ni kitu gani. Alisema tu, "Genda amahoro," nenda kwa amani, kama anavyosema mtu yeyote wa kwetu kwa anayeondoka. Kaka hakurudi. Tangu siku hiyo mama hajawahi kumwambia mtu maneno hayo. Ukiaga kwetu, anakuambia "haya," au anakuambia ufunge lango.

Shule ilipofungwa nikapanda kwenda Kibondo, na siku kumi na mbili mkononi kabla ya ndege.

Sasa ngoja nikueleze na wewe, maana usipoelewa hutaona nilichokuwa napambana nacho, na mimi jambo hili nalipenda kupita kiasi. Nimelipenda miaka mitatu. Kwenye harusi watu wananikimbia na sahani zao. Ni hivi. Dunia imejengwa kwa chembe ndogo mno, na wanafizikia kwa muda mrefu walipenda kuzichunguza zikiwa zimetulia, zimepoa, hakuna anayezibughudhi. Wakagundua vitu vya ajabu: kuna vitu ambavyo katikati yake hakuna kinachokwenda popote, lakini pembeni, kwenye ukingo, chembe zinatiririka, na mtiririko huo haujali uchafu wala kovu. Ukiuwekea kizuizi unakizunguka. Hiyo ndiyo topolojia: tabia ya kitu ambayo huiondoi kwa kukiminya wala kukipinda, mpaka ukichane. Halafu, na hapa ndipo moyo wangu unapoanza kwenda mbio, wakaona kwamba ukikichukua kitu na kukisukuma kwa mdundo, pigo baada ya pigo, usikiache kitulie hata kidogo, unaweza kupata mtiririko wa pembeni ambao kitu kilichotulia hakiwezi kuwa nao kabisa. Kila mdundo ukikamilika, chembe za katikati ziko pale pale zilipoanzia. Mtu akichungulia atasema hapa hakuna kilichotokea. Na wakati huohuo zile za pembeni zimeondoka zamani!

Haya, mwambie hayo mama yangu.

Siku ya kwanza nilianza na topolojia. Nilichukua ngata yake, ile duara ya kitambaa anayoweka kichwani akibeba ndoo, nikachukua na kikombe cha chai chenye mkono. Nikamwambia kwa macho yangu hivi viwili ni kitu kimoja, kwa sababu kila kimoja kina tundu moja, na kama vingekuwa vya udongo mbichi ungeweza kukifinyanga kimoja kikawa kingine bila kuchana.

Aliigeuza ngata mkononi. "Miaka yote hiyo umesoma ili ujue ngata ina tundu?"

Siku ya tatu nilijaribu maharage. Nikamwonyesha yaliyolala kwenye ungo, yametulia, na yanayochemka kwenye sufuria, yanasukumwa na moto. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akasema maharage yanayochemka anayajua tangu kabla sijazaliwa, na hayahitaji mtu apande ndege. Siku ya tano nilichora mishale chini kwa kijiti, jogoo akapita juu yake. Nilianza kuhesabu siku. Usiku nilikuwa naota nimesimama uwanja wa ndege, naulizwa: pasi ipo, tiketi ipo, baraka iko wapi?

Jumamosi ikafika. Kila Jumamosi alasiri kwaya ya akina mama wa kanisani hufanya mazoezi uani kwetu, kwa sababu ua wetu umelala sawa na mama yangu ndiye nguzo ya sauti ya pili. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini namenya mihogo. Wakaanza wimbo wa kucheza, ule ambao wa mbele wanapishana na wa nyuma, kila mmoja anachukua nafasi ya mwenzake, wanarudi, wanapishana tena. Mara ya kwanza nilitazama tu. Mara ya pili kisu kilianguka. Nilipiga ukelele.

"Amejikata!" alisema mwenyekiti wa kwaya, mama mnene mwenye goti bovu na sauti ya kuita ng'ombe.

Sikujikata. Nilikuwa nimeona chembe zangu zimevaa vitenge.

Nilisimama mbele yao na mhogo mkononi nikawaomba, kwa jina la baraka yangu, wanikopeshe miili yao kwa nusu saa. Nilitaka mistari minne ya watu wannewanne. Walikuwa kumi na tano. Jirani yetu, muuguzi aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, alikuwa ameegemea ua upande wa pili na ushungi wake, anatazama mazoezi kama kawaida yake.

"Dada, njoo tuwe kumi na sita!"

"Mie kuimba nyimbo zenu sitaimba," alisema, huku tayari anazunguka kuja langoni. "Ila kucheza, mbona nitacheza hadi mnikome."

Kosa langu la kwanza lilikuwa la aibu kwa mwalimu. Niliwafunga nusu yao vitambaa vyeupe kichwani, mmoja ndiyo mmoja hapana, kama bao la drafti. Nikasema: mwenye cheupe abadilishane nafasi na wa kulia kwake, kisha na wa mbele yake, kisha wa kushoto, kisha wa nyuma. Pigo la kwanza lilikwenda vizuri. Pigo la pili mweupe akamfuata mweupe mwenzake, ambaye naye alikuwa anamfuata wa mbele yake, mwenyekiti akala kiwiko cha mbavu, muuguzi akacheka hadi akakaa chini. Nikajipiga paji la uso. Sheria ni ya mahali, siyo ya mtu! Watu wanahama, mahali hapahami, na mimi hilo nimelifundisha. Nilikimbia jikoni nikachota magunzi ya mahindi tunayowashia moto, nikayapanga manane chini, penye gunzi na pasipo gunzi, penye gunzi na pasipo gunzi.

"Sasa sikilizeni. Ukisimama penye gunzi, wewe ndiye unayemfuata mwenzio upande nitakaotaja, mnabadilishana. Ukisimama pasipo gunzi, subiri ufuatwe. Ukikosa wa kubadilishana naye, baki hapo hapo."

Nikageuza dumu la njano la maji, nikaanza kupiga. Na hapo likatokea kosa la pili, ambalo nadhani lingeweza kutokea Kibondo tu. Kwetu huwezi kumpita mtu bila kumsalimia. Huwezi kabisa, hata kama mlionana dakika tatu zilizopita. Nikasema "kulia," na kila mwenye gunzi akamgeukia mwenzake, wakashikana mikono, mikono ikapanda hadi kwenye viwiko.

"Amahoro?"

"Ni amahoro."

"Abana baraho?"

"Baraho. Na wewe watoto wako hawajambo? Yule wa kifua?"

Badiliko moja likachukua muda wa beti mbili za wimbo. Wengine walikuwa hawajafika hata kwenye watoto, wengine wameshaingia kwenye habari za mihogo. Niligonga dumu kwa hasira.

"Akina mama! Ninyi ni chembe! Chembe hazisalimiani!"

"Basi ndiyo maana hakuna anayezijua," alisema mwenyekiti.

Nikataka kulia. Lakini mama, aliyekuwa amesimama mstari wa nyuma kabisa, kona ya kulia, penye gunzi, akapaza sauti ya pili yake ile nzito. "Salamu haiondolewi. Iweke ndani ya mdundo. Pigo la kwanza tunasalimiana, pigo la pili tunahama."

Nilimtazama. Nilikuwa nimehangaika siku sita kumweleza mdundo ni nini, kumbe yeye ndiye ananielekeza mimi namna ya kuupiga.

Tukaanza upya. Dum: "Amahoro!" Dum: wanahama. Kulia, mbele, kushoto, nyuma. Uani kukapendeza vibaya mno. Vitenge vinapishana, wenye magunzi wanasema amahoro kwa wenzao kwa sauti moja, na mama yangu, ambaye kulia kwake hapakuwa na mtu bali ua na shamba, akainyooshea mihogo mikono akasema, "Amahoro, mihogo," maana alikwishasema salamu haiondolewi.

Mapigo manne yalipokamilika nikawasimamisha. "Nani amerudi pale alipoanzia?"

Wakaangalia chini, wakaangalia majirani. Mikono tisa ikapanda. Mwenyekiti, aliyekuwa katikati, alikuwa amezunguka kijiduara chake na kurudi kwake. Muuguzi vilevile. Wakapigiwa makofi kama wameshinda kitu.

"Mbona mimi niko huku?" aliuliza mama. Alikuwa amesogea mistari miwili mbele, kwenye ukingo wa kulia.

"Wewe uko pembeni, mama. Tuendelee!"

Mzunguko wa pili ukamleta kona ya mbele. Tisa wakarudi kwao, saba wakasogea. Hapo simu ya muuguzi ikalia, ni kituoni, akatoka mbio kwenda kuongea chini ya paa. Mwenyekiti akauliza kama tusimame tumsubiri. Nikasema hapana, hapana kabisa, hii ndiyo raha yenyewe, acheni nafasi yake wazi mcheze hivyo hivyo. Wakacheza na pengo. Waliotakiwa kubadilishana na muuguzi wakaisalimia hewa kwa unyenyekevu, wakaikamata viwiko, wakaiuliza habari ya Tanga. Pengo likazunguka katikati kama muuguzi alivyozunguka, na kule pembeni hakuna aliyejua kwamba kuna mtu amepungua. Mwenyekiti kwa goti lake alikuwa akichelewa kila pigo, lakini alifika, na wa pembeni hawakujua hilo nalo. Nilipiga dumu huku naruka. Miaka mitatu nimeyaona haya kwenye karatasi tu, na sasa yalikuwa yananuka sabuni na moshi wa kuni!

Mwisho wa mzunguko wa tatu mama alikuwa mstari wa mbele, karibu kabisa na mimi. Akainua mkono, nikaacha kupiga.

"Hawa wa katikati," alisema, "wamecheza hatua zilezile nilizocheza mimi?"

"Zilezile."

"Mdundo uleule?"

"Uleule, mama."

"Na mimi sikukosea?"

"Hukukosea hata hatua moja."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu. "Nyabibuye. Halafu Kitanga. Halafu Muyama. Halafu hapa." Akawageukia wenzake. "Wote tulilima. Mvua ilikuwa moja, na maneno ya wakubwa yalikuwa mamoja. Wa katikati kila mwaka walilala kwao. Sisi tukasogea. Nami miaka yote nilidhani tulikosea mahali."

Hakuna aliyecheka. Zaidi ya nusu ya wanawake wale njia hiyo waliijua kwa miguu. Leo wana vitambulisho vya uraia kabatini, wana mashamba na vibanda sokoni, lakini njia wanaijua. Mimi nilisimama na kijiti cha kupigia dumu, nimeona aibu na furaha kwa pamoja, kiasi kwamba sikujua uso wangu uko vipi. Nimechora mishale ya ukingoni kwenye madaftari matano, na sikuwahi hata siku moja kuona kwamba mmoja wa mishale ile ni mama yangu.

"Nimeelewa," alisema. Moyo wangu ukaruka. "Sasa swali. Huyu wa pembeni hurudi kwao?"

Nikaweka kijiti juu ya dumu.

Ukweli ni kwamba sikujua. Katika makala zote nilizosoma ukingo hauna mwisho. Unachorwa kama mstari mrefu tu, unaanzia nje ya karatasi na kuishia nje ya karatasi, kwa sababu hesabu inakuwa nyepesi hivyo. Chembe inaingia, inapita, inaondoka. Inafika wapi? Hakuna aliyeuliza, na mimi sikuuliza, kama mama ambavyo hakuuliza asubuhi ile Nyabibuye.

"Sijui, mama."

"Hujui."

"Sijawahi kuhesabu kwa watu kumi na sita."

"Basi piga, tuone. Akirudi, nitaomba. Asiporudi, mwana wanje, hapo siombi, na usinikasirikie."

Nikapiga. Nikajitahidi pigo lisiyumbe. Mzunguko wa nne ukampitisha kona ya mbele ya kushoto na kumweka kwenye ukingo wa pili. Muuguzi alirudi, akakuta nafasi yake iko pale pale alipoiacha, akaingia kama mtu anayeingia chumbani kwake. Mzunguko wa tano ukampandisha mama hadi mstari wa nyuma, ila kona ya kushoto. Sasa alikuwa mstari mmoja na gunzi lake, na watu wawili katikati yao.

Hapo mwenyekiti akatangaza mapumziko. Goti limekataa, chai inapoa, na mwalimu amekwishaeleweka.

"Si tumeshafika jamani," alisema. "Sisi tumefika tangu mwanzo."

"Ninyi mmefika," alijibu mama. "Mimi niko njiani. Nimesimamishwa njiani maisha yangu yote, leo sisimami. Shika goti lako utembee."

Mwenyekiti akalishika goti lake kweli, kwa mkono, akarudi kwenye nafasi yake.

Mzunguko wa sita. Kulia, mama hana mtu, anausalimia ukuta wa choo. Mbele, hana mtu. Kushoto, wa penye gunzi akamfuata, wakabadilishana. Nyuma, hana mtu. Mapigo manne yakaisha na alikuwa amesogea nafasi moja tu. Moja! Mizunguko mitatu iliyotangulia ilimpa mbilimbili. Nilianza kuhesabu kichwani, nikachanganyikiwa, nikaanza tena. Vipi kama anapunguza mwendo? Vipi kama mzunguko unaofuata unamrudisha nyuma? Mama hakunitazama. Alikuwa anaangalia gunzi la kona.

"Ngapi sasa?" akauliza mmoja nyuma.

"Sita."

"Basi bado mmoja," alisema muuguzi, bila kujua chochote cha fizikia wala cha kuta zilizozungukwa mara saba kwenye Biblia. Lakini kwaya ilikuwa inazijua, na mara moja uchovu ukawatoka. Wakaanza kupiga vigelegele kabla sijagusa dumu.

Nilipiga. Kulia: alikuwa penye gunzi, akamfuata mwenzake, "Amahoro!", akahama. Mbele: hakuna wa kumfuata, akabaki. Kushoto: alikuwa pasipo gunzi, na gunzi lililokuwa likimtafuta lilikuwa lile la kona, pamoja na mama mwembamba aliyesimama juu yake. "Amahoro!" Wakabadilishana. Nyuma: hana mtu. Akabaki.

Nilikuwa na sauti ndogo sana. "Nani amerudi pale alipoanzia?"

Mikono tisa ya katikati ilipanda haraka, kama kawaida yao. Kisha wa pembeni wakaanza kutazama chini. Mmoja akainua mkono. Mwingine upande wa pili, na yule wa mbele. Nilihesabu hadi nikahisi nakosea, nikahesabu tena kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Mikono kumi na sita. Wote saba wamerudi kwa pigo moja, kila mmoja kwake! Nilitupa kijiti juu na kikapotea kwenye bati. Tulirukaruka. Mwenyekiti aliruka na goti lake. Mtu alipiga teke magunzi, mtu mwingine akalia, na muuguzi akawa ananikumbatia huku ananiuliza, "Kwani tumeshinda nini, mwenzangu?"

Mama hakuruka. Alikuwa bado amesimama kona ya kulia, mguu mmoja juu ya gunzi lake, ameuweka uzito wote hapo asije mtu akaliondoa. Akaniita kwa kichwa. Nikaenda nikapiga magoti mbele yake, akaniwekea mikono miwili kichwani. Ilikuwa ya moto na inanuka vumbi.

"Imana," alianza. "Huyu sasa namjua anakokwenda. Anakwenda kuwasoma wa pembeni. Mdundo uwe wako, usiwe wa mwingine. Asisahau kusalimia, hata akikosa mtu. Akifika kona asidhani amepotea, mwambie ni kona. Na ukiona amesogea hatua moja tu, kama mimi kwenye mzunguko wa sita, usimwache akate tamaa. Mwambie bado mmoja."

Akatua. Nilisubiri amina. Badala yake alinishika mikono, akapanda hadi kwenye viwiko, akaninyanyua nikasimama, tukawa uso kwa uso.

"Genda amahoro," alisema.

Nilisahau kabisa kujibu. Muuguzi ndiye aliyesema amina kwa niaba yangu.